Mtu wa Upande wa Kwanza

Ukiuliza mtaani nani anashona sare za shule, utaelekezwa kwa Fundi. Mafundi wako wengi, lakini huyu aliitwa Fundi tu, bila nyongeza, kana kwamba wale wengine walikuwa bado wanajaribu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mrefu, mwenye pini tatu nne zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni saa zote, hata akienda msibani. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na ofisi ya chuo na mama yake, na mama alilitumia akikasirika tu.

Yeye na mama yake walikaa vyumba viwili. Cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda: cherehani karibu na mlango penye mwanga, meza ya kukatia, vitambaa vya bluu na kijivu vimerundikwa hadi dirishani. Cha nyuma kilikuwa cha kulala, lakini tangu miguu ya mama igome kabisa, kitanda chake kililetwa mbele, kikawekwa pembeni na kuzungushiwa pazia la mabaki ya sare, ili asikae peke yake mchana. Macho yalikuwa yamepofuka miaka kadhaa kabla ya miguu kugoma. Masikio yalibaki, tena yalizidi. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kushona, na kutoka nyuma ya pazia aliendelea kumfundisha bila kuombwa.

"Uzi wa chini umelegea."

"Nimeuona, mama."

"Hujauona. Ungeuona usingeendelea kukanyaga."

Fundi angeinama, akute kweli umelegea, aukaze huku akicheka au akisonya, ilitegemea siku hiyo ameamkaje.

Sasa huyu Fundi, katika umri ambao wenzake wanaanza kuitwa bibi, alijiandikisha chuo. Masomo ya jioni, ustawi wa jamii. Alikuwa ameachishwa shule akiwa msichana, baba alipofariki, ili kaka yake aendelee. Hakuna aliyemwuliza, naye hakulalamika; alikaa kwenye cherehani cha mama yake na hakuinuka tena. Aliyemsukuma arudi darasani ni mama huyo huyo. "Nenda kasome, mimi sitakimbia," alisema, akajigonga mapaja yasiyosikia chochote, akacheka hadi akakohoa. Jioni za masomo alikaa naye jirani, mwuza vifungo na zipu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo.

Fundi akirudi, kabla hajavua viatu, alitakiwa kusimulia. Mama aliwajua walimu wote kwa sauti za kuigizwa, na kipenzi chake alikuwa yule aliyebandikwa jina la Mizani, mwalimu wa utafiti na uandishi, kijana mwembamba aliyezoea kunyoosha viganja viwili hewani akisema, "Upande huu... na upande huu." Mizani ndiye aliyetoa kazi iliyoharibu kila kitu. Simlaumu sana. Hakujua anazungumza na nani.

Aliwaambia wachague suala ambalo watu wanalumbana, watafiti pande zote mbili, kisha waandike insha. Upande usioupenda unatangulia, na uuandike kwa nguvu zako zote, mpaka mtu wa upande huo akiusoma aseme huyu ni mwenzetu. Kila upande uwe na mtu aliyehojiwa, mtu wa kweli mwenye damu, hata kama jina lake halitajwi. "Na mtu mmoja hahojiwi pande mbili," aliongeza. "Anayesema huku na kule si shahidi, huyo ni kinyonga."

Mama aliposimuliwa hilo la kinyonga alicheka mpaka akashika ubavu. "Anasema kweli huyo kijana. Mtu akae upande wake! Na wewe umechagua suala gani?"

"Mambo ya jamii tu, mama," Fundi alisema, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Suala lenyewe lilikuwa hili: je, ni sawa kumpeleka mzazi mzee kwenye nyumba ya kutunzia wazee? Hakulichagua kwa bahati. Kaka yake, msimamizi wa ghala la saruji, alikuwa ametangaza kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi familia itakaa kikao kuhusu mama. Alikuwa ameona nyumba nzuri, alisema, ina manesi, ina bustani. Fundi alimjibu kwa simu kwamba mama hatoki humu ndani labda kwa jeneza, akamkatia. Alipokuwa anapanga insha yake alikuwa na nia moja: atakusanya hoja zote za kaka yake, aziandike vizuri kama Mizani anavyotaka, kisha azivunjevunje moja moja, na Jumapili hiyo afike kikaoni amejiandaa. Mtu aliyeachishwa shule kwa ajili ya kaka yake anaruhusiwa tamaa ndogo kama hiyo.

Watu wa kupinga alipata tele. Mama Vifungo peke yake alizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. "Kumpeleka mama yako kwa watu baki? Wakamwoshe watu baki? Andika, Fundi, andika hivyo hivyo, mimi siogopi! Hiyo ni laana ya mchana kweupe!" Fundi aliandika. Hakuandika kwamba mama mzazi wa Mama Vifungo aliishi kwa mdogo wake, safari ya nusu siku, na Mama Vifungo hakuwa amekwenda kumwona tangu msimu wa mvua wa mwaka uliopita. Mlinzi wa benki alisema kamwe. Mwuza magazeti alisema mzazi hana badala. Mkutubi wa chuo, aliyemtafutia vitabu viwili vyenye majalada yaliyochakaa, alisema bila kuulizwa kwamba angekufa njaa kuliko kumtoa mama yake nyumbani, halafu akamwomba Fundi apunguze sauti.

Upande wa kaka yake hakumpata mtu. Alimwendea mwanamke mmoja aliyejulikana kabisa kwamba alimpeleka baba yake. Yule akamwambia baba yake yuko matibabuni, na mlango ukafungwa. Akamwendea mwingine, akaambiwa, "Nani amekutuma?" Watu walikuwa wanawapeleka wazazi wao, vitanda vya ile nyumba vilijaa, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amempeleka mtu.

Mwishowe alipiga moyo konde, akaenda ghalani kwa kaka yake. Alimkuta katika kiofisi chake cha vioo, vumbi la saruji limempaka nyusi mvi kabla ya wakati.

"Kaka, nataka nikuhoji."

"Unihoji? Nimeiba nini?"

Akamweleza. Kaka aliweka kalamu chini polepole. "Yaani uniandike kwamba nataka kumtupa mama."

"Sitaandika jina. Nitaandika mwana mmoja wa kiume."

"Mwana mmoja wa kiume! Mama ana wana wa kiume wangapi?"

"Darasani hawakujui, kaka. Na si ndivyo unavyotaka? Si wewe uliyeitisha kikao?"

"Kikao ni cha familia. Kuandikwa ni jambo jingine." Alitazama wapakizi wake kupitia kioo, akarudisha macho kwa dada yake, na sauti ikashuka. "Sikiliza. Hilo jambo nalitaka kwa ajili yako. Umejitazama kwenye kioo siku hizi? Unatembea umepinda. Mimi niseme nini kuhusu kumtunza mama, nami nakuja na mfuko wa matunda mara moja kwa mwezi? Anayejua kazi hiyo ilivyo ni wewe. Jihoji mwenyewe."

Alisema hivyo kwa hasira tu, wala si ushauri. Fundi aliondoka amevimba, na njia nzima alikuwa anatunga majibu makali ambayo hakuyatoa.

Akaenda pia kwenye nyumba yenyewe. Nilitamani niseme aliona uchafu, ingekuwa rahisi. Palikuwa safi. Vitanda vimetandikwa, madirisha makubwa, harufu ya sabuni ya kufulia. Matroni, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyo na kishindo, alimtembeza bila kumficha kitu. Katika ukumbi wazee walikaa kwenye viti vilivyopangwa kuelekea getini. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila geti lilipolia aliinua mikono miwili na kulaza nywele zake, kwanza kulia, kisha kushoto. Lilipita gari la mkate, akalaza nywele. Akaingia mfanyakazi wa zamu, akalaza nywele.

"Anamsubiri nani?" Fundi aliuliza.

"Mtoto wake."

"Huja?"

"Hapo mwanzo alikuja." Matroni alinyanyua shuka lililokuwa limeteleza chini. "Usifikiri ni chuki, dada. Wanaona aibu. Anayeona aibu hupunguza kuja, na akipunguza ndipo aibu inapozidi."

Kuhojiwa rasmi alikataa. Sheria za kazi hazikumruhusu. Fundi alirudi nyumbani moyo umemwingia baridi. Usiku huo alimwosha mama yake kwa maji ya moto zaidi ya kawaida, hadi mama akauliza kama anataka kumchemsha.

Siku ya kukabidhi insha ikakaribia na upande wa kwanza ulikuwa hauna mtu. Mizani hangeikubali. Mchana mmoja mama akiwa amesinzia, Fundi alisukuma vitambaa, akaweka karatasi juu ya meza ya kukatia, akakaa na kalamu mdomoni. Neno la kaka yake likamrudia. Akaandika: Mtunzaji mmoja, mwanamke wa makamo anayeishi na mama yake asiyeona wala kutembea, alieleza hivi.

Alidhani ataandika mistari miwili ya kubuni, apate alama zake, basi. Lakini kalamu ilikwenda. Haikusimama kutafuta neno. Mteja alisimama mlangoni, akaita, akaondoka, wala Fundi hakumsikia. Alipomaliza alikuta jasho limelowesha ukosi wa gauni, na pini moja imemchoma bila yeye kujua. Alisoma alichoandika, akaogopa. Kisha akafanya upande wa pili, ule wake, ule aliokuwa anautaka tangu mwanzo. Alitaka kuandika jinsi anavyokaa kitandani jioni na mama akapapasa mshono wa siku hiyo kwa vidole, akakubali kwa kichwa. Alitaka kuandika kwamba nyumba bila sauti ile nyuma ya pazia hataijua. Lakini mtu mmoja hahojiwi pande mbili, na yeye alikwisha kusema upande ule. Basi upande wake ukabaki kwa Mama Vifungo, mlinzi wa benki na vile vitabu viwili. Ukatoka mfupi na mkavu.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, mama aliidai insha. Ilikuwa desturi yao: hakuna kazi iliyokwenda chuoni bila kupita masikioni mwake. "Nisomee nione kama umeshona vizuri," ndivyo alivyosema kila mara.

"Hii haikufai, mama. Ni mambo ya kuchosha."

"Nimelala hapa tangu asubuhi, nichoshwe na nini tena? Soma."

Fundi alifikiria kusoma upande wa pili peke yake. Lakini insha huanzia mwanzo, na mama angejua. Akamtahadharisha: hii ni kazi ya darasa, ina pande mbili, upande wa kwanza si wangu, ndivyo mwalimu anavyotaka. Mama alitikisa mkono kwamba hilo analijua, hata la kinyonga analikumbuka. Fundi akavuta kiti, akasoma. Mama akasikia suala lenyewe ni lipi. Alikuwa amelala chali, uso umeelekea dari, vidole vinacheza na pindo la shuka.

Alifika kwa yule mtunzaji. Akasoma kwa sauti ya haraka, bila kupanda wala kushuka.

"Kila asubuhi naamka nikiomba nikute shuka kavu. Nikikuta limelowa, namchukia mama yangu kidogo, halafu namwosha, halafu najichukia mimi mchana kutwa. Nimemwinua mpaka mgongo wangu umezeeka kuliko wake. Kulikuwa na mtu aliyetaka kunioa. Alisubiri, akachoka, akaoa kwingine, na sikumlaumu. Watu wananisifu sana. Ukishasifiwa huwezi tena kusema umechoka."

Akanyamaza, akapumua, akaendelea na aya iliyofuata.

"Umeruka," mama alisema.

"Sijaruka."

"Umeruka mshono. Umevuta pumzi mahali ambapo hapakwisha. Rudi."

Angeweza kutunga kitu. Mtu mwingine angetunga. Lakini Fundi hakuwa mwepesi wa uongo, na tuseme ukweli, kulikuwa na kitu ndani yake, kidogo na kichovu, kilichotaka sentensi ile isikike mara moja duniani, hata kwa jina la mwanamke mwingine. Akarudi, akaisoma.

"Wakati mwingine akilala nasimama nasikiliza kama bado anapumua, na sijui natumaini kusikia nini."

Nje mtu alikuwa anakung'uta zulia. Mama aliacha kucheza na pindo.

"Maskini," alisema. "Ulimhoji wapi?"

"Huko... mtaa wa pili."

"Na mama yake anajua?"

"Hajui, mama."

"Ahaa."

Fundi alifunua ukurasa ili aendelee, lakini wakati huo huo mzazi mmoja akaingia na mtoto wake wa kupimwa suruali, na mama akasema basi, amechoka, huo upande mwingine atausikia siku nyingine. Fundi alipima kiuno, akapima mguu, akakosea kuandika vipimo, ikabidi apime tena. Jioni alipotaka kusoma upande wa pili mama alikuwa amelala, au alikuwa amefumba macho, na kwa mtu asiyeona nani anaweza kujua tofauti.

Kaka alikuja Jumapili na mkewe. Walikaa kwenye viti vya wateja, pazia likiwa limevutwa pembeni ili mama awe kikaoni. Wifi alikuwa ameleta keki. Fundi alikuwa na insha yake mapajani, imekunjwa, tayari kwa vita. Kaka alikohoa, akaanza kuzunguka mbuyu: afya ya mama, hali ya dada, mambo ya siku hizi.

"Punguza maneno," mama alimkatiza. "Nitakwenda."

Wifi aliangalia keki.

"Kwenda wapi, mama?" Fundi aliuliza, ingawa alijua.

"Huko kwenye bustani ya kaka yako. Wiki hii kama nafasi ipo."

Kaka alikuwa amekuja amejiandaa kubishana, na alipokosa wa kubishana naye alibaki ameshika magoti yake, macho yamelowa. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Alishika mkono wa mama yake, akauvuta kama mtoto anayetaka kununuliwa kitu.

"Mama, ile ilikuwa kazi ya darasa. Nilikwambia si upande wangu. Mwalimu ndiye aliyetaka hivyo. Haya, nikusomee mwingine sasa hivi, huu hapa, ninao!"

"Nimesikia. Nakuuliza kitu kimoja." Mama aligeuza uso, akawa anamtazama pale ambapo sauti ilikuwa. "Yale maneno ya yule mwanamke. Kulikuwa na uongo ndani yake?"

Sema ndiyo. Neno moja tu, na hakuna mahakama ambayo ingemhukumu. Fundi alifungua kinywa. Alimwona mtu yule aliyesubiri, aliliona shuka la asubuhi, alijisikia mgongo pale alipopiga magoti. Aliutafuta uongo mmoja katika ukurasa ule mzima, hata mdogo, hata wa kutia chumvi, na hakuupata. Akafunga kinywa. Kimya kilikuwa kirefu, na mama alikisikiliza chote, maana masikio yake hayakuwa yakikosea.

"Basi," mama alisema kwa upole, akampapasa shavu. "Ukimwona yule mwanamke mwambie mama yake amejua. Na hakukasirika hata kidogo."

"Mwanamke gani?" kaka aliuliza.

Toka siku hiyo yeye aliwaambia watu wote, ghalani na kwingineko, kwamba mama mwenyewe ndiye aliyesema, na hilo lilikuwa kweli.

Walimpeleka siku ya Alhamisi kwa gari la kazini kwa kaka, limefagiliwa saruji. Mama alivaa gauni ambalo Fundi alimshonea, na njiani alisifia hewa. Alitania kwamba sasa atapata mafundi wengine wa kuwakosoa. Fundi alikaa nyuma naye, amemshikilia ili asiyumbe kwenye kona, na kila kona alitaka kumwambia dereva ageuze. Hakusema. Kulikuwa na pumziko lililokuwa limeanza kumwingia mwilini bila ruhusa yake, mabegani kwanza, na alilichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote.

Insha ilirudi na alama za juu kupita wote. Mizani aliisoma darasani, viganja vyote viwili chini safari hii. Upande wa kwanza, alisema, ndio uandishi. Huyu mtu aliyehojiwa amesema kweli tupu na mwandishi hakumwingilia. Kuhusu upande wa pili alikuwa na neno la kusema. "Huku umeokota maneno ya kila mtu," alimwambia. "Hukupata mtu anayempenda mzazi wake hasa?" Darasa lilicheka kidogo, bila ubaya. Fundi aliomba ruhusa ya kutoka, akaenda kusimama kwenye korido karibu na bomba la maji, akalia kwa kujibana mdomo kwa kiganja, hadi mfagizi alipomwuliza kama kuna msiba. Alisema hakuna.

Nyumbani pazia liliendelea kuning'inia. Alilala sasa usiku mzima. Mgongo ulianza kunyooka, na Mama Vifungo, yule yule wa laana ya mchana kweupe, alimwambia amenawiri. Mchana mmoja alishona suruali kumi na mbili za shule moja kabla ya kugundua kwamba uzi wa chini ulikuwa umelegea tangu ya kwanza. Alikaa na wembe akifumua mishono hiyo hadi jioni. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Aliapa hatakuwa kama wale watoto aliosimuliwa na matroni, na kwa mwezi wa kwanza alikwenda kila Jumapili. Wa pili aliruka moja, kwa sababu ya msimu wa sare. Kisha akaruka nyingine, na hiyo haikuwa na sababu. Alikuwa amevaa tayari, amekaa kitandani, akashindwa kuinuka. Ile aibu aliyoambiwa ilikuwa hivyo hasa.

Jumapili aliyokwenda tena alikuwa na insha mkobani. Alisukuma geti, likalia, na kupitia dirisha la ukumbi aliona wazee wote wamegeuza nyuso. Mama yake alikuwa mstari wa pili. Aliinua mikono miwili akalaza nywele zake, kulia, kisha kushoto. Hakujua ni nani aliyeingia. Fundi alishika nguzo ya geti na kwa muda hakuweza kwenda mbele wala kurudi.

Mama alimpokea kwa furaha, akampapasa mikono, akasema amenenepa, vizuri. Hakuuliza kuhusu zile Jumapili. Fundi akavuta kiti karibu.

"Mama, nimekuja kukusomea ule upande wa pili. Hukuwahi kuusikia."

"Eh, kweli, nilikuwa nakudai. Haya soma."

Akasoma. Safari hii alisoma taratibu, na mahali maneno yalipokuwa makavu aliongeza ya kwake: vidole kwenye mshono, chai ya jioni, sauti nyuma ya pazia. Mama alisikiliza hadi mwisho ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza cherehani.

"Umeshona vizuri," alisema. "Na huku ulimhoji nani?"

"Mimi, mama." Alikunja karatasi. "Huku ni mimi. Ni mimi tangu mwanzo."

Mama alitabasamu, akautafuta mkono wake, akaupigapiga taratibu kama mtu anayembembeleza mgeni.

"Mwanangu," alisema, "mwalimu wako si alikataza?"

Geti likalia tena nje, na mikono ya mama ikamwachia, ikapanda kwenye nywele.